Soma Kibati Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kukusanya Diski za Dhahabu

Diski ya dhahabu haina dhahabu ya kumpelekea sonara. Ndani ya fremu mna santuri ya kawaida, au pengine sahani ya chuma iliyotumika kiwandani kuchapia santuri, iliyopakwa utando mwembamba wenye rangi ya dhahabu. Pembeni au chini yake huwekwa picha ndogo ya jalada la albamu, na kibati chenye maandishi machache. Ukivitoa vitu hivyo na kuviuza kimoja kimoja, thamani yake ni ndogo sana. Hata hivyo fremu moja inaweza kuuzwa kwa bei ya pikipiki mpya, na nyingine ya albamu ileile, iliyotoka karakana ileile, isifikie hata robo ya bei hiyo. Tofauti imo kwenye kibati: nani alipewa, kwa kazi gani, na kuna nini cha kuthibitisha. Hakuna mtu makini anayelipia kiwanja Kigamboni kwa sababu kina minazi mizuri. Ataulizia hati kwanza, na jina lililomo ndani yake. Anayeanza kukusanya tuzo hizi aanze na moyo huohuo.

Desturi yenyewe ilianzia Marekani. Februari 1942 kampuni ya RCA Victor ilimkabidhi kiongozi wa bendi Glenn Miller santuri ya “Chattanooga Choo Choo” iliyopakwa rangi ya dhahabu, baada ya mauzo kuvuka nakala milioni moja. Ilikuwa njia ya kampuni kujitangaza, na kwa miaka mingi baada ya hapo kila kampuni ilijihesabia mauzo yake na kutoa tuzo zake yenyewe. Mwaka 1958 chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, kilianza kukagua hesabu kabla ya kuidhinisha tuzo. Singo ya kwanza kuidhinishwa ilikuwa “Catch a Falling Star” ya Perry Como, na albamu ya kwanza ilikuwa ya nyimbo za filamu ya Oklahoma!. Singo ilihitaji nakala milioni moja. Albamu ilipimwa kwa fedha: mauzo ya jumla ya dola milioni moja. Mwaka 1975 likaongezwa sharti la nakala 500,000, na mwaka uliofuata ikaja platinamu, ambayo kwa albamu ilimaanisha nakala milioni moja. Mkusanyiko wa nyimbo bora za Eagles ndio uliotangulia kuipata. Tuzo za platinamu mara mbili, mara tatu na kuendelea zilianza 1984. Mwaka 1989 kiwango cha singo kilishushwa hadi nakala 500,000 kwa dhahabu na milioni moja kwa platinamu. Almasi, yaani nakala milioni kumi, ilianza 1999. Uingereza ilisubiri hadi 1973 ndipo chama chake, BPI, kikaanza kutoa vyeti vya fedha, dhahabu na platinamu. Kabla ya hapo, tangu 1959, jarida la muziki lililoitwa Disc ndilo lililokuwa likitoa diski za fedha kwa singo zilizouza nakala 250,000.

Nimeitaja miaka hiyo kwa makusudi, kwa sababu ndiyo silaha yako ya kwanza na haikugharimu kitu. Mtu akikuletea platinamu ya RIAA anayodai ilikabidhiwa 1969, mshukuru umalizane naye. Akikuletea tuzo ya BPI ya Beatles anayosema ilitolewa 1964, hivyo hivyo. Maandishi yakitaja kaseti pamoja na santuri, au yakitaja CD, fremu hiyo haiwezi kuwa ya enzi za mwanzo. Na jambo la kufurahisha ni kwamba RIAA na BPI zote mbili zimeweka kumbukumbu zao wazi kwenye intaneti. Unaandika jina la msanii, unapata tarehe ambayo albamu iliidhinishwa na kiwango ilichofikia. Fanya hivyo kabla hujamuuliza muuzaji bei.

Lakini usiwe mwepesi wa kuhukumu, maana tarehe zina upande wa pili. Kampuni zinaweza kuomba ukaguzi miaka mingi baada ya albamu kutoka. Elvis Presley alifariki 1977, na mwaka 1992 RIAA ikakabidhi nyumbani kwake Graceland rundo la dhahabu na platinamu 110 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo fremu ya muundo wa miaka ya 1990 yenye wimbo wa miaka ya 1950 inaweza kuwa halali kabisa. Ila si ya zama za wimbo, na bei yake haipaswi kuwa ya zama za wimbo. Muuzaji anayekuambia “hii ni ya zamani” akujibu swali moja tu: cha zamani ni wimbo, au ni fremu?

Umri wa fremu husomeka kwenye muundo wake. Tuzo za RIAA za miaka ya 1960 hadi katikati ya 1970 kwa kawaida zina mandhari ya kitambaa cheupe, ambacho leo huwa kimeshaingia rangi ya chai, ndani ya fremu nyembamba ya mbao. Za mwisho wa miaka ya 1970 zimeundwa hivi kwamba diski, kibati na picha ya jalada huonekana kama vinaelea mbele ya mandhari ya nyuma. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikaingia alama ya RIAA ya holografia, ile inayobadilika rangi ukiigeuzageuza kwenye mwanga. Jifunze muundo mmoja barabara kabla ya kuhamia mwingine. Mimi ningemshauri anayeanza ashike miaka ya 1980: fremu zake zimebaki nyingi, bei zake si za kuumiza, na holografia humpa mghushi kazi ya ziada.

Sasa iweke fremu mezani, si ukutani, na uwashe tochi ya simu. Mulika kwa ubavu, mwanga ukilala juu ya diski. Utaona mifereji ya santuri, na kati ya wimbo na wimbo utaona pete laini inayong'aa zaidi. Zihesabu nyimbo, kisha linganisha na lebo ya katikati. Mara nyingi hazilingani: lebo inasema upande una nyimbo tano, mifereji inaonyesha sita. Wageni wengi hushtuka hapo na kudhani wameshika bandia. La. Karakana zilizotengeneza fremu hizi zilichukua santuri yoyote iliyokuwa karibu, zikaipaka rangi na kubandika lebo sahihi juu yake, kwa sababu hakuna aliyetarajia diski hiyo ichezwe. Kutolingana si ushahidi wa kughushi, na kulingana si ushahidi wa uhalisi. Mtu anayekuhakikishia fremu yake ni halisi kwa hoja hiyo peke yake hajui anachouza.

Angalia badala yake dalili za umri zinazopaswa kuzeeka pamoja. Kitambaa kilichokuwa wazi kwa miaka 50 hubadilika rangi, ila sehemu iliyojificha chini ya kibati hubaki nyeupe zaidi. Ukiona ukingo wa weupe ukichungulia upande mmoja wa kibati, jua kwamba kibati kimesogezwa, au kilichokuwapo kilikuwa kikubwa na hiki ni kidogo. Huo ndio ulaghai unaoniumiza kuliko wote, kwa kuwa fremu ni halisi, diski ni halisi, picha ni halisi, na jina tu ndilo la uongo. Tuzo iliyokuwa ya karani wa mauzo inabanduliwa kibati, kinawekwa kingine chenye jina la mpiga gitaa, na bei inapanda mara kadhaa kwa usiku mmoja. Mtu halisi aliyefanya kazi halisi amefutwa ili mwingine apate faida. Kagua herufi: ujazo wake, nafasi kati yake, na kama zimechongwa au zimechapwa. Zilinganishe na picha za tuzo nyingine za kampuni hiyohiyo na mwaka huohuo, ambazo nyumba za mnada huziacha wazi mtandaoni hata baada ya mauzo.

Kisha igeuze fremu. Wauzaji hupenda kupiga picha mbele. Wewe dai ya nyuma. Karatasi ya kufunikia mgongo, misumari midogo au pini zake, waya wa kuning'inizia, stika ya karakana iliyotengeneza: vyote hivyo vinazeeka kwa mwendo mmoja. Karatasi mpya kwenye fremu ya 1972 inahitaji maelezo. Yanaweza kuwepo maelezo mazuri, kwamba kioo kilivunjika na fundi akakibadilisha, lakini ayatoe muuzaji mwenyewe kabla hujayaomba. Na usikubali kamwe kuifungua fremu “tuone ndani”. Ukishaichana ile karatasi umeharibu sehemu ya ushahidi ambayo hakuna fundi atakayeirudisha.

Kuhusu jina kwenye kibati, ningependa wasomaji waachane na imani kwamba tuzo ni ya msanii peke yake. Albamu moja iliyofanikiwa ilizaa fremu nyingi. Zilikwenda kwa wanamuziki, watayarishaji, mafundi mitambo, mameneja, wafanyakazi wa kampuni, vituo vya redio vilivyoupiga wimbo, na maduka yaliyouuza. Zote ni halisi, na iliyoandikwa jina la msanii ndiyo ghali kuliko zote. Ndiyo pia inayoghushiwa zaidi, kwa sababu hiyohiyo. Ya kituo cha redio cha mji mdogo Marekani haimvutii mghushi, na bado inakusimulia jinsi wimbo ulivyosafiri kutoka studio hadi masikioni mwa watu. Kwa fremu ya kwanza, tafuta ya aina hiyo, ya albamu unayoipenda kwa dhati. Ukija kuichoka bei ikiwa imeshuka, bado utakuwa na muziki.

Naelewa kabisa mkusanyaji wa Zanzibar akitaka kuanza na Queen. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, na kuwa na kipande cha safari yake nyumbani ni jambo la heshima. Basi shika hili: Uingereza Queen walikuwa chini ya EMI, lakini Marekani albamu zao za miaka ya 1970 zilitoka chini ya Elektra. Tuzo ya RIAA ya News of the World ya 1977 inapaswa kutaja Elektra. Ya BPI itaendana na EMI. Fremu inayochanganya chama cha nchi moja na lebo ya nchi nyingine iache hapohapo ilipo. Vivyo hivyo kwa Beatles, Capitol ni ya Marekani na Parlophone ni ya Uingereza. Wanaoghushi wengi hukosea hapo, kwa kuwa wanaujua muziki lakini hawakujifunza biashara yake.

Queen wanafundisha jingine. Septemba 2023 nyumba ya mnada ya Sotheby's ya London iliuza vitu vilivyokuwa nyumbani kwa Freddie, ambavyo rafiki yake Mary Austin alikuwa amevitunza tangu msanii huyo alipofariki 1991. Piano yake iliuzwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Mlango wa ukuta wa bustani yake, wa mbao, uliojaa maandishi ya mashabiki, ulifika pauni 412,750. Mlango! Hakuna aliyekuwa na shaka umetoka wapi, na imani hiyo ndiyo iliyolipiwa. Basi dai karatasi: risiti ya mnada wa awali, barua ya aliyepewa tuzo au ya mtoto wake, picha ya fremu ikiwa kwenye ukuta wa ofisi ya zamani. Barua inayosema tu “nathibitisha hii ni halisi”, bila kueleza aliyeiandika alikuwa wapi na aliipataje, haina uzito wowote. Na muulize muuzaji bila haya kama fremu iliwahi kuibwa. Studio na ofisi zimewahi kupoteza tuzo zao kwa wezi, na kitu cha wizi hakigeuki kuwa chako kwa sababu ulikilipia.

Kuna kundi jingine la vitu ambalo si la kughushi wala si tuzo: diski zilizopakwa dhahabu na kutengenezwa tangu mwanzo ili kuuzwa kwa mashabiki. Mara nyingi zina namba ya toleo, kwa mfano ya 40 kati ya 500. Tuzo rasmi hazitolewi kwa namna hiyo. Kama unataka pambo la sebuleni nunua bila hofu, kwa bei ya pambo.

Ukishanunua ng'ambo, safari ya kuileta ni nusu ya gharama. Mwombe muuzaji abandike utepe wa karatasi kwenye kioo kwa umbo la msalaba, ili kikipasuka vipande visichane diski, kisha fremu ikae kwenye boksi ndani ya boksi. Lipia bima kwa bei kamili uliyonunulia. Forodha za Tanzania na Kenya kwa kawaida hukokotoa ushuru juu ya bei ya kitu pamoja na usafirishaji na bima, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kupandisha dau mnadani. Usimwombe muuzaji aandike thamani ndogo kwenye fomu. Ni kosa kisheria, na mzigo ukipotea utalipwa hiyohiyo ndogo.

Hali ya hewa yetu ya pwani haina huruma na vitu hivi. Chumvi na unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja huingia chini ya ule utando wa dhahabu na kuuinua kama ngozi iliyoungua jua. Usitundike fremu kwenye ukuta unaopakana na bafu, wala unaopigwa na jua la mchana, maana picha ya jalada ndiyo itakayokufa kwanza, ikianza na rangi nyekundu. Weka vizibo vidogo vya mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kagua mgongo mara kwa mara kwa ajili ya mchwa, kwa kuwa mbao laini na karatasi ya gundi ni chakula chao. Futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na dawa ya kusafishia usiipulize kwenye kioo chenyewe bali kwenye kitambaa. Na Brasso isikaribie diski hata kama imefifia. Utaondoa utando wote na kubaki na plastiki nyeusi.

Hapa kwetu mambo yalikwenda tofauti, na mkusanyaji wa Afrika Mashariki asiipime historia yetu kwa rula ya RIAA. Tuzo zilitolewa na kampuni zenyewe. Gabriel Omolo alipata diski ya dhahabu kwa wimbo wake “Lunchtime” katika miaka ya 1970. Them Mushrooms wa Mombasa walipata platinamu ya Kenya kwa “Jambo Bwana”, uliouza zaidi ya nakala 200,000, kiwango ambacho Marekani kisingefikisha hata dhahabu, lakini kwa soko la Kenya la wakati ule kilikuwa mlima. Tanzania hali ilikuwa ngumu zaidi. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, santuri zikachapwa Nairobi, na wanamuziki wengi waliotikisa nchi nzima hawakuwahi kukabidhiwa hata kipande cha karatasi. Kwa hiyo fremu ya Afrika Mashariki ikitokea haitakuwa na holografia wala kumbukumbu mtandaoni. Ushahidi wake ni watu: aliyepewa, waliokuwepo, picha ya gazeti la siku ile.

Na hapa nina ombi zito kwa wasomaji wenye uwezo. Usiende kwa mwanamuziki mzee siku ambayo unajua anadaiwa kodi au ada ya hospitali, ukatoka na fremu yake kwa bei ya kiroba cha mchele. Najua hufanyika, na inanikera. Mweleze mzee au bibi huyo wazi kwamba unataka kununua na unadhani soko litatoa kiasi gani. Mpe muda wa kuzungumza na watoto wake, kwa sababu tuzo ile huenda ndiyo kumbukumbu pekee ya kazi yake iliyobaki nyumbani. Akisita, mwache nayo. Omba tu ruhusa ya kuipiga picha mbele na nyuma, na umshauri awasiliane na watu wanaohifadhi muziki wetu, kama Ketebul Music ya Nairobi.

Akikubali kuuza, kaa naye kabla ya kulipa umrekodi kwa simu. Muulize alikabidhiwa wapi, na nani, nani walipiga vyombo kwenye wimbo huo, na kama fremu imewahi kufunguliwa au kutengenezwa. Andikeni makubaliano kwa nakala mbili zenye bei, tarehe na sahihi, shahidi wa familia akiwepo. Rekodi na karatasi zako zihifadhi kwenye bahasha tofauti, mbali na fremu, na mweleze mtu mmoja wa nyumbani ilipo. Mwanamuziki mwenyewe mwachie nakala yake pamoja na namba yako ya simu, maana wiki mbili baadaye anaweza kulikumbuka jina la mpiga besi aliyekuwa amemsahau.